Mawe ya Rangi Mbili Kwenye Dale

Habari hii ni ya kweli kuanzia mwanzo hadi mwisho, na asiyeamini apande pikipiki aje mjini Baraka, kando ya ziwa, aulize pale penye robine, bomba la maji. Mzee Bonaventure mwenyewe anaapa. Anaapa kwa kaburi la mke wake, kwa meno yake tisa yaliyobaki, na kwa samaki yule, sangala, aliyempika mwaka wa mafuriko, ambaye kichwa chake kilikuwa kinachemka kijiji cha Kazimia wakati mkia unakaangwa kijiji cha Nundu. Kwenye sangala watu hucheka. Kwenye haya mengine hawacheki, kwa sababu walikuwapo.

Dale ni sakafu ya saruji, basi. Zamani palikuwa na ghala la pamba. Mabati yalichukuliwa na vita vya kwanza, matofali yakachukuliwa na vita vilivyofuata, na sakafu ikabaki kwa sababu hakuna mwizi mwenye mabega ya kuibeba. Ni pana kama kiwanja cha mpira, laini kama sahani, na upande mmoja ina mteremko ambapo malori yalikuwa yakirudi kinyumenyume kupakia. Vijana wa Baraka walipokiona kile kiteremko hawakuuliza ruhusa. Walifunga rulemani, yaani beringi za pikipiki, chini ya mbao, wakapanda juu, wakajiachia. Baadaye vikaja vibao vya kweli sita, vyenye magurudumu ya mpira, ndani ya balo la viatu vya mitumba. Mwenye balo hakujua ni vitu gani, akaviuza sokoni kama mbao za kukatia nyama. Ketsia, binti wa seremala, alinunua vitatu, na tangu siku hiyo akawa mwalimu wa dale. Alikuwa na miaka ishirini na kovu kwenye kila goti.

Mwanafunzi wake wa kwanza alikuwa Divine, mjukuu wa Bonaventure. Huyu alishuka kutoka milimani akiwa na miaka kumi na mitatu, amefuatana na majirani, bila mama yake. Kilichompata mama njiani Divine hakukisema. Hakusema kitu chochote, miezi saba. Alikuwa anapika, anafua, anasali, na mdomo umefungwa. Halafu siku moja akafuata kelele za magurudumu mpaka kwenye dale, akapanda kibao, akaanguka kama gunia la mihogo, na alipoinuka akakitukana kile kibao kwa Kibembe, tusi refu lenye ukoo mzima ndani yake. Bonaventure alikuwa anapita na mfuko wake wa ndakala, dagaa wa ziwani. Alikaa chini barabarani akalia kwa furaha, na watu wakadhani ameibiwa.

Kwa hiyo mtu akizungumza habari ya dale mbele ya Bonaventure, anazungumza habari ya sauti ya yule mtoto.

Kisha ziwa likapanda. Maji yalikula viwanja vya chini, yakala njia, yakala nyumba za watu mpaka madirishani, na ardhi kavu yenye saruji tayari ikawa kitu cha kutafutwa. Néhémie, mfanyabiashara wa dhahabu kutoka Misisi, akatokea na karatasi ya kiwanja yenye mihuri mitatu. Alitaka kujenga kituo cha mafuta na ghala. Hakuwa mtu mbaya wa kutisha. Alisalimia kila mtu kwa mikono miwili. Lakini karatasi alikuwa nayo.

Ketsia na wenzake walipambana kama watu waliosoma. Walizunguka na makaratasi ya sahihi kuanzia sokoni mpaka ufukweni, na asiyejua kuandika akaweka kidole. Walisema redioni. Walitembea mpaka bureau ya serikali wakiwa wamebeba vibao vyao kichwani kama mizigo ya kuni, wakimya, wamevaa nguo za Jumapili. Sahihi elfu moja na mia moja zilipokelewa kwa shukrani nyingi, zikawekwa mezani, na juu yake kikawekwa kikombe cha chai ili feni isizipeperushe. Wiki iliyofuata tangazo likabandikwa: katapila itafika Jumatatu.

Jioni ya tangazo Divine alikuwa anachambua maharage. Alimwambia babu yake, bila kuinua uso, kwamba rafiki zake wawili wanaenda Misisi kuwapikia wachimbaji bukari, ugali wa huku, na kwamba yeye pia amefikiria.

“Utaenda Misisi kufanya nini, mutoto wangu?”

“Na hapa nitabaki nafanya nini, koko?”

Bonaventure alizoea kujibu kila kitu, hata asichoulizwa. Siku hiyo aliinama akachambua maharage naye. Aliijua Misisi. Alijua mabinti wangapi walipanda pikipiki kwenda kule na sufuria, na wangapi walirudi. Usingizi ulimkimbia, na ndani ya ule wasiwasi ndipo wazo lilipomjia.

Zamani, kabla hajastaafu, alikuwa mpishi wa kikosi cha wategua mabomu. Miezi minane aliwapikia katika vilima vya Fizi. Sufuria zake hazikumpeleka hata mara moja ndani ya uwanja wa hatari, lakini macho yake yalikwenda, na aliona jinsi wanavyofanya: wanapanga mawe yaliyopakwa rangi, nusu nyekundu na nusu nyeupe, kuzunguka mahali pa kuogopwa. Aliona pia jinsi watu wa Fizi wanavyoyaheshimu mawe yale. Mbuzi akivuka, mwenye mbuzi hasumbuki kumfuata, anamhesabu amekufa.

Akaenda kwa Haruna, mwenye mashua, akaomba mabaki ya rangi, nyekundu kidogo na nyeupe kidogo. Alisema anataka kupaka msalaba wa marehemu mke wake. Haruna akampa makopo mawili na brashi, akamwombea marehemu dua. Bonaventure alisikia aibu njia nzima, lakini hakuyarudisha makopo.

Jumapili asubuhi, Wakatoliki wakiwa kwenye misa, Waprotestanti kwenye ibada, na wavuvi wamelala baada ya kazi yao, alisukuma toroli lenye mawe kumi na manne aliyoyapaka usiku, akayapanga kuzunguka dale. Kisha akaenda kanisani akakuta mahubiri bado, akaimba kwa nguvu kuliko siku zote.

Jumatatu katapila ikafika ikitoa moshi. Ketsia na vijana walikuwa wamekaa barabarani, wameshikana mikono, tayari kusukumwa. Dereva hakufika hata karibu yao. Alikuwa mtu wa Uvira, mnene, mwenye kofia ya manjano. Aliona mawe, akazima mashine, akashuka kwa kufuata alama za minyororo ya mashine yake mwenyewe, akikanyaga palepale ilipopita, hatua baada ya hatua, kinyumenyume. Alipofika penye watu alivua kofia. Alisema kaka yake alikanyaga kitu mwaka fulani, njia ya kwenda shamba, na kwamba hata apewe mashine iwe yake hatarudi.

Bonaventure alitegemea vurugu. Alitegemea kelele, vicheko, ubishi, yaani Baraka kama anavyoijua. Hakuna aliyepiga kelele. Watu mia tatu walinyamaza, na katika ule ukimya kila mama alikuwa anatafuta kwa macho watoto wake mmoja mmoja. Ndipo alipoanza kuogopa.

Néhémie alimwendea, akamsalimia kwa mikono miwili.

“Papa Bonaventure, we ulitumikaka na bale batu ba mabomu. Hii mambo iko ya kweli?”

Angeweza kusema ukweli pale. Hata leo hukumbuka kwamba mlango ulikuwa wazi. Lakini nyuma ya Néhémie ilisimama katapila, na upande wa kushoto alisimama Divine.

“Niliona na macho yangu mu kaye yao,” akasema, yaani daftari lao. “Dale iliandikwa. Naapa mbele ya Mungu.”

Katapila ilirudi ilikotoka. Dale ilikuwa imepona, na Bonaventure alikwenda nyumbani akitembea kama mtu aliyeokoa nchi. Alimkuta Divine amekaa kwenye ndoo, mikono katikati ya magoti.

Divine alimuuliza swali moja, kama mabomu yako dale yote au ni kwenye mteremko. Bonaventure akasema, aa, vitu vya namna hiyo mtu hajui. Divine akaanza kuhesabu. Miaka miwili, siku sita kila wiki, na kwenye mteremko ule mtu huruka mara thelathini, arobaini, halafu hutua kwa uzito wote. Alihesabu kwa vidole, akaanza upya, akaanza upya tena. Siku ya pili alisema ndiyo na hapana tu. Siku ya tatu hakusema kitu.

Babu akamsimulia habari ya sangala. Hakucheka. Akamsimulia ya mamba aliyekuja kuungama kwa padri. Divine alimwangalia kwa upole, kama mtu anavyomwangalia mgonjwa, akaenda kuosha sahani.

Na uongo ukaendelea na safari yake bila kumngoja mwenyewe. Ketsia alipita nyumba kwa nyumba kuomba msamaha kwa wazazi, kwa sababu yeye ndiye aliyewaweka watoto wao juu ya bomu. Alipofika kwa Bonaventure alipiga magoti, na Bonaventure akamwinua haraka akisema ana shughuli. Watoto wa shule walianza kuzunguka kwa njia ndefu. Lakini mbaya kuliko yote ilikuwa robine. Ile robine ya maji safi imesimama hatua ishirini kutoka kwenye dale, ndani ya mawe ya Bonaventure, kwa sababu siku ile ya toroli alipanga bila kufikiri. Hakuna mama aliyekubali tena kuikaribia. Walirudi kuchota ziwani, pale ambapo maji yamefunika vyoo vya watu. Siku ya saba mtoto wa jirani, wa miaka minne, alipelekwa hospitali akihara maji matupu. Bonaventure alilala chini siku mbili bila kula. Mtoto akapona. Yeye hakupona.

Aliamua kwenda kusema ukweli. Alivaa koti. Akatoka. Njiani akapita kwa Mama Munira.

Munira ni mama wa Kiislamu, wa umri wake, mwenye kibanda cha chai na mandazi mkabala na dale. Kibanda kilikuwa kitupu. Wateja wake walikuwa vijana wa vibao na bamama wa robine, na wote hao walikimbia. Alikuwa amekaa peke yake na birika kubwa, anaangalia saruji. Alimkaribisha Bonaventure, akammiminia chai asiyoiomba. Kisha akasema kwamba anataka kumshukuru.

Bonaventure akauliza kumshukuru kwa nini.

“Juu ulisema. Mi nilikuwa nafikiri niko peke yangu najua.”

Akasimulia kwa sauti ya chini. Mwaka wa vita alikuwa bado mke kijana, amejificha nyuma ya ukuta wa ghala na mtoto mgongoni. Aliona wanajeshi wakileta masanduku marefu ya mbao, manne, kila sanduku linabebwa na watu wawili polepole kama mgonjwa. Walichimba kwenye kona, pale mteremko unapoanzia. Wakaweka. Wakamwaga saruji. Mmoja wao alimwona, akaweka kidole mdomoni. Tangu siku ile hakumwambia hata mume wake.

“Ukikanyaga ile kona inalia kama ngoma,” akasema. “Hujawahi kusikia, Papa?”

Chai ilimmwagikia Bonaventure kwenye suruali na hakusikia moto. Maana aliwahi kusikia. Kila mtu wa Baraka aliwahi kusikia: magurudumu yakipita pale kwenye kona sauti hubadilika, inakuwa nzito, ya chini. Alirudi nyumbani na koti lake bila kusema neno kwa mtu. Mtu aliyezua simba kichwani mwake, akamsikia ananguruma nyuma ya nyumba, anafanya nini? Akisema ukweli, kwamba alidanganya, Divine na wenzake watarudi kuruka juu ya yale masanduku. Akinyamaza, mtoto mwingine atakunywa maji ya ziwa. Alikuwa muongo miaka sitini na nane, na hii ilikuwa mara ya kwanza hajui yeye mwenyewe kama anasema uongo.

Siku ya kumi na moja wategua mabomu, habari ya kiapo ikiwa imewafikia, wakafika kutoka Uvira na gari mbili. Mkubwa wao alikuwa mama mwembamba aitwaye Immaculée, mwenye buti na sauti isiyopanda. Akaeleza watu utaratibu. Kwenye kaye zao dale ilikaguliwa miaka mingi iliyopita, ikaonekana haina kitu. Lakini sasa kuna shahidi aliyeapa, na shahidi akiapa wao hawana haki ya kubishana naye. Kwa kuwa ndani ya saruji kuna nondo, na mashine yao ya kusikiliza chuma italia kila mahali, njia ni moja: watavunja dale yote, kipande kwa kipande, wachimbe chini. Wiki tatu. Néhémie alikuwapo. Hakucheka, ana adabu. Ila aliuliza kama kikosi kitahitaji mafuta, yeye yuko tayari kusaidia. Watamvunjia bure, kisha ajenge.

Ketsia aliinama, akafunika uso kwa kibao chake.

Mchana huo Bonaventure alimfuata Immaculée kwenye gari. Alianza kwa kuzunguka, akataja miezi minane, akataja supu alizowapikia. Mama yule alimwacha aongee. Kisha akachukua jiwe moja lililokuwa kwenye kiti cha mbele, akaliweka mikononi mwa mzee.

“Unusa, Papa.”

Lilinuka mashua.

“Sisi hatupakake na rangi ya mashua. Na tena, tukipanga jiwe, nyekundu inaangalia kwenye iko hatari. Nyeupe inaangalia kwenye muntu anatembea salama. Yako ulipanga namna gani?”

Bonaventure akafikiri. Alipanga nyekundu ikiangalia barabara, ili watu waione vizuri.

“Kwa mawe yako,” Immaculée akasema, “Baraka yote ni uwanja wa mabomu, soko, kanisa, musikiti na hospitali. Pahali pa salama ni moja tu, hapa kwenye dale.”

Hakucheka. Alisema jambo la kusikitisha ni kwamba yeye aliyaona mara aliposhuka kwenye gari, lakini mawe hayafuti kiapo. Anayekifuta ni aliyeapa, mbele ya watu wale wale. Na kuna desturi ya kikosi chake: hawarudishi ardhi kwa wenyewe kwa maneno. Wanapomaliza, wao ndio wa kwanza kuitembea, kona zote, watu wakiangalia. “Ulidanganya kwa jina yetu. Kesho saa tatu utatembea kwa jina yetu. Ukitembea yote na ukisema, mi nafunga kaye.”

Hapo ndipo ulimi wa Bonaventure ulipofika kwenye jina la Munira, ukasimama. Akitaja masanduku, atakuwa ameleta shahidi wa pili, na dale itavunjwa bila shaka. Akiyameza, atatembea juu yake. Alifikiri muda mfupi kuliko unavyodhani. Kama kona itaongea, iongee naye, mzee mwenye meno tisa, wala si na mtoto anayetua kutoka hewani. Na ikinyamaza, basi. Akakubali, akaomba jambo moja: watu wasimame mbali, hatua mia, kwa heshima.

Asubuhi alimwonyesha Divine maharage yako wapi na ufunguo wa sanduku uko wapi. Divine alichukua ufunguo, akamfuata kwa nyuma.

Watu walikuja wengi kuliko wa misa. Bonaventure alisimama kwenye ukingo wa saruji, akasema yote kwa sauti: toroli, rangi, kaye ambayo hakuiona. Alimwomba msamaha Haruna kwa ajili ya ule msalaba. Manung'uniko yalipita katika umati kama upepo kwenye mabati, na mama wa yule mtoto wa miaka minne akageuka akampa mgongo. Hilo lilimuuma kuliko matusi yote aliyongojea. Kisha akapanda juu.

Alitembea pembeni kwanza, upande wa robine. Saruji ilikuwa na joto tayari. Alisikia viatu vyake, na moyo wake, na zaidi ya hapo hakuna. Upande wa pili. Upande wa tatu. Kila hatua alikuwa anaweka kisigino kwanza, kama mtu anayeingia maji asiyojua kina chake, na jasho lilimtiririka mpaka ndani ya soksi. Alifika katikati akajifanya amemaliza.

“Na kona, Papa,” Immaculée akasema kutoka mbali. “Zote.”

Akaenda kwenye kona ya mteremko. Hatua kumi kabla ya kufika, alipunguza mwendo. Alijaribu kufikiri habari ya sangala, akakuta hamkumbuki samaki hata mmoja. Aliona masanduku manne. Aliona yule mwanajeshi na kidole chake mdomoni. Akapiga hatua, na chini ya mguu saruji ikalia nzito, kama ngoma. Alisimama hapo, mguu mmoja mbele, hawezi kwenda wala kurudi, na watu elfu wanaangalia.

Kisha akasikia nyayo nyepesi zinakimbia juu ya saruji, nyuma yake.

Alikuwa Divine. Alikuwa amemwona babu yake anataka kuanguka, akakata umati, akaja kumshika.

“Rudi!” Bonaventure akapiga kelele, sauti aliyokuwa hajaitumia tangu ujana. “Rudi mutoto, hii kona iko na kitu! Munira aliona! Masanduku yote manne iko chini yangu!”

Divine akasimama palepale. Immaculée aliinua mkono, na kikosi chake chote kikaganda. Umati ukaanza kurudi nyuma, bila kelele, kama siku ile ya katapila, kila mtu akikanyaga alipokanyaga kwanza. Babu na mjukuu wakabaki wawili juu ya saruji nyeupe, hatua tano kati yao, wanatazamana.

Ndipo Mama Munira alipotoka kwenye kibanda. Alikuwa amebeba birika mkono mmoja na kigoda mkono mwingine. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Hakutegemea kwamba mtoto angeingia. Alimpita Immaculée bila kumwangalia, akapanda dale, akampita Divine, akampita Bonaventure, akaenda mpaka kwenye kona yenyewe, akaweka kigoda chini kwa kishindo, ikalia ngoma, akakaa.

“Hakuna kitu hapa,” akasema. “Ni mufereji ya maji, ya zamani za pamba. Mume wangu alikuwaka anausafisha. Jumapili ile mi sikuwa mu kanisa, Papa Bonaventure. Mi ni Muislamu. Nilikuona na toroli yako toka jiwe ya kwanza.”

Alieleza kwamba alingoja siku moja, ya pili, ya tatu, akidhani mzee ataona haya na kusema. Biashara yake ikafa, bamama wakarudi ziwani, mtoto akaugua. Basi akaamua kumpa kidogo cha ile dawa aliyowapa wengine, aone kama ni tamu. Akamimina chai, nyingi ikamwagika. Alimwomba Divine msamaha, babu hakumwomba.

Bonaventure alikaa chini pale pale. Divine akamfikia, akamtazama kutoka juu.

“Koko,” akasema, na sauti ilikuwa nene kwa kukaa siku nyingi bila kutumika, “we ni muongo mubaya. Mubaya sana.” Kisha akasema mengine kwa Kibembe, marefu, na Bonaventure akayapokea yote kichwa kimeinama.

Immaculée aliwagombeza wazee wote wawili mpaka sauti yake isiyopanda ikapanda. Alitembea dale mwenyewe, akafungua mfuniko wa ule mfereji kwa chuma, akamulika ndani na tochi. Palikuwa na matope na kiatu kimoja. Halafu akafunga kaye. Lakini kaye ya wategua mabomu haifungwi hivi hivi: kuna karatasi ya kurudisha ardhi, inayosema ardhi ni salama na watu gani wanaitumia kwa shughuli gani, na hao wanaoitumia lazima waweke sahihi. Ketsia alisaini. Kwenye shughuli iliandikwa: watoto na vijana, michezo ya magurudumu. Muhuri ukapigwa. Ilikuwa karatasi moja dhidi ya karatasi ya Néhémie, na muhuri mmoja dhidi ya mitatu, kwa hiyo kesi bado iko bureau na Ketsia bado anakusanya sahihi. Ila katapila haijarudi. Dereva wa Uvira amewasimulia wenzake, na kwenye masimulizi yake hakuna mfereji wala kiatu, kuna bomu tu. Hata Bonaventure alipomtumia ujumbe wa kuapa kwamba hakuna kitu, dereva alijibu kwamba huyo mzee anajulikana.

Faini ya Bonaventure ilikatwa na bamama, siku ile ile, kwenye robine. Hawakutaka mbuzi wala pesa. Siku kumi na moja wao walibeba maji kutoka ziwani, kwa hiyo siku kumi na moja Bonaventure atabeba maji kutoka robine mpaka kwenye kila nyumba ya mtaa, mwanamume, mchana kweupe, kuanzia kwa mama wa yule mtoto. Akajaribu kueleza habari ya mgongo wake, ulioumia siku alipomvuta sangala fulani. Walimsikiliza mpaka mwisho, wakampa bido, dumu la maji.

Leo ni siku ya nne. Ana ubao wa rulemani ambao Divine amemfungia kamba, unabeba bido tatu kwa mara moja, na vijana wakipita kwa kasi wanamwita dereva. Ananung'unika. Kila akifika kwa mama wa mtoto anaacha maji mlangoni, anasalimia, hajibiwi, anaenda. Adhuhuri hii alikaa kwenye kigoda cha Munira, akasema amemaliza nyumba zote ishirini na mbili, anaapa kwa meno yake. Munira alikuwa anageuza mandazi. Hakuinua macho.

“Umefanya kumi na tisa, Papa.”

Bonaventure aliinuka, akachukua kamba ya ubao, akarudi robine.